Jicho la Kushoto la Ghislain Pomerleau

Mwezi wa Januari Ghislain Pomerleau alimvunja taya Steeve Lachance mbele ya watu elfu mbili, na mama mzazi wa Steeve alikuwa miongoni mwao. Ngumi ya kwanza ilimpata kijana juu ya sikio. Ya pili ikamkuta puani. Ya tatu ikatua kwenye taya kwa mlio uliosikika mpaka safu za nyuma kabisa, na damu ikatapakaa juu ya barafu. Watu wakasimama, wakagonga kioo cha uwanja kwa viganja, wengine wameshika chipsi mkononi. Refa alisubiri mpaka mmoja wao aanguke, maana katika ligi yetu ndogo ya hoki ya barafuni refa anayeachanisha mapema huzomewa hadi anapoegesha gari lake.

Steeve alikuwa bado kapiga magoti, anatema jino, Ghislain alipoinama na kumwambia maneno ambayo mshindi humwambia aliyeshindwa.

"Utapata marudiano, dogo. Siku yoyote utakayotaka."

Hakuna kitabu kilimoandikwa sheria hiyo, lakini kila mpigaji anaijua. Ukishinda, unadaiwa pambano. Aliyeshindwa akija kulidai, unampa. Ukimnyima, huna haja ya kurudi tena kwenye barafu, wala dukani, wala kanisani, kwa sababu mji mzima wa Sainte-Aldège utakuwa umeshasikia.

Usidhani Ghislain alikuwa mchezaji hodari. Katika misimu minane alifunga magoli manne, na moja lilimgonga matakoni likaingia lenyewe. Kazi yake ilikuwa kumpiga yeyote aliyewachezea vibaya wenzake. Tajiri wa timu, Rosaire Veilleux, muuza matrekta, alimlipa kwa kila mechi na akamwongezea kwa kila pambano. Siku za kazi Ghislain alipasua mbao kiwandani. Mshahara wa mbao ulilisha nyumba na kulipa benki kila mwezi. Pesa za ngumi hazikuguswa. Zilikaa mpaka Aprili, mwezi ambao yeye na mkewe walitia sahihi mkopo wa nyumba, kwa sababu benki ile ilikubali mtu aongeze mkupuo wa pesa mara moja tu kwa mwaka, tena kwa kipimo. Ukizidisha wanakutoza faini, kana kwamba umewaibia. Kila Aprili Ghislain alikwenda na mkupuo wake, vifundo vya vidole vimevimba, akatia sahihi kwa shida.

Majirani walimcheka. Wao walikwenda Florida kuota jua wakati wa baridi, yeye alibaki anaziba paa. Gari lake lilikuwa limeliwa na kutu mpaka ungeweza kuona barabara kupitia sakafuni. Lakini mtu huyu alikuwa na jambo lake. Alitaka kurusha ndege, zile ndogo zinazotua juu ya maziwa ya kaskazini, zinazowapeleka wawindaji na wavuvi mahali pasipo na barabara. Mkewe Mireille, msusi, alimwambia waziwazi kwamba nyumba ni kwanza, ndege baadaye. Ghislain alimwitikia kisha akafanya vyote viwili. Alisoma vitabu vya urubani jikoni, akafaulu mtihani wa kuandika, na kila kiangazi alijifunza kuruka na mwalimu mzee aliyenuka petroli.

Halafu Novemba akapigwa jicho la kushoto. Ndani yake kitu kilichanika, wakakishona kwa mwanga wa leza, na cheti chake cha afya cha urubani kikasimamishwa. Daktari hakumficha. Ngumi moja tu hapo, alisema, pazia la ndani litaanguka na hakuna atakayelipandisha. Jicho likienda, leseni imekwenda.

Ungedhani angeacha. Bado mkupuo mmoja, akasema. Mireille hakumsemesha wiki nzima, wala hakukanyaga tena uwanjani. Ghislain akaendelea kupigana huku mkono wa kushoto umeganda usoni kulinda jicho, anapiga kwa wa kulia peke yake. Taya la Steeve alilivunja kwa mkono mmoja.

Aprili ilifika. Siku ya Alhamisi Ghislain alipeleka mkupuo wa mwisho, na mkopo wa miaka ishirini na mitano ukaisha katika mwaka wa nane. Alirudi na karatasi ya benki ndani ya shati, akamkuta Mireille mlangoni, wakakumbatiana. Jumanne ilikuwa siku ya kupimwa jicho ili arudishiwe cheti. Katikati ilikuwapo Jumapili, mechi ya mwisho ya msimu na ya mwisho ya maisha yake. Mireille alimtaka aahidi kwamba atakaa benchi, atapunga mkono, atarudi nyumbani kula pai ya nyama na majirani. Aliahidi, na wakati anaahidi alikusudia kweli.

Timu iliyokuja Jumapili ile mchana ilikuwa ya Steeve Lachance.

Wakati wa kupasha misuli, Steeve alikuja taratibu mpaka kwenye mstari wa kati, akaegemea gongo lake la kuchezea. Ghislain naye akasogea. Kwa walio mbali walionekana wanasalimiana tu.

"Taya linaendeleaje?" Ghislain aliuliza.

"Linakunywa supu, mzee. Nimekuja kuchukua langu."

Ghislain alimweleza yote bila kuficha. Alimweleza habari za jicho, za Jumanne, za ndege, na kwamba nyumba ameshaimaliza na hana tena sababu ya kumpiga mtu. Steeve alisikiliza kichwa chini, anakwaruza barafu kwa ncha ya kiatu chake cha kutelezea. Kisha akauliza swali ambalo Ghislain hakulitegemea. Akataka kujua mtu anamalizaje nyumba kwa miaka minane. Ghislain akamwambia habari ya Aprili na mkupuo, na kwamba asizidishe kipimo. Kijana alirudia maneno yale kwa midomo, anayakariri.

Yeye na mkewe Annick walikuwa wametia sahihi mkopo wao Februari, na Annick alikuwa na mimba ya miezi sita. Tajiri wa timu ya Steeve alikuwa amemwambia kwamba hawezi kumlipa mpigaji ambaye mara ya mwisho alitolewa kwa machela. Aonekane kwanza amesimama mbele ya mtu yule yule, ndipo wazungumze msimu ujao.

"Hutaki, nitakuelewa," Steeve alisema. "Ila mimi msimu ujao sina kazi."

"Dogo, ni jicho langu."

"Jicho sitaligusa. Upande ule wote sitaugusa. Nipe tu langu."

"Neno lako?"

"Naapa kwa huyu aliye tumboni."

Ghislain akaitikia kwa kichwa. Wajinga wawili hao, nasema kwa uchungu, maana niliwaona kwa macho yangu na nikafurahi kama wengine. Angeweza kukataa, azomewe, aende zake. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuzomewa. Lakini alikuwa amemwahidi Steeve tangu Januari, na mtu wa kwetu aliyefundishwa hoki na baba yake ataona afadhali amdanganye mkewe kuliko kumnyima mtu marudiano.

Kipindi cha pili kilikuwa hakijafika dakika ya tatu waliposimama ana kwa ana. Uwanja ulinyamaza kwanza. Walivua glovu, wakavua na kofia ngumu, wakaziweka chini taratibu, maana wapigaji wetu huona ni aibu kumwacha mwenzako aumize vidole kwenye kofia yako. Kisha watu wakalipuka kwa kelele.

Steeve alianza. Alimpiga mbavuni, akampiga tena palepale, pumzi zikamtoka Ghislain. Ngumi nyingine ikapasua nyusi ya kulia, damu ikashuka mpaka mdomoni. Kijana alikuwa amejifunza tangu Januari. Alipiga kwa mpangilio, miguu imetulia, na Ghislain, mkono wake mmoja umeganda usoni, alirudishwa nyuma hatua kwa hatua hadi mgongo ukagusa mbao za uwanja. Alisikia hofu, kisha hasira juu ya hofu ile. Watu wa mji wake walikuwa wameanza kuguna.

Ndipo Steeve alipotupa ngumi nyingine, kali kuliko zote, na katika kusukumana kichwa cha Ghislain kikaingia katika njia yake. Aliiona inakuja moja kwa moja kwenye jicho la kushoto, mkono wake ukiwa umechelewa. Iligeuka. Steeve alipindisha bega zima, akakaribia kuanguka mwenyewe, ngumi ikapita kando ya sikio ikagonga kioo.

Hapo Ghislain alielewa kwamba upande ule umefungwa kweli. Hakuna kitakachopita hapo. Na mkono wa kushoto, uliokaa usoni tangu Novemba, ukashuka.

Alimkamata Steeve kwa jezi, akamvuta kichwa chini, akaanza kumpiga kwa wa kulia. Alimpiga shavuni, alimpiga kwenye taya lile lile, alimpiga juu ya jicho, alimpiga pua mpaka ikalala upande. Ilikuwa tamu, na baadaye hakumdanganya mtu kuhusu hilo. Tangu Novemba alikuwa hajapigana kwa mikono yote miwili. Uso wake wa kushoto ulikuwa wazi kabisa mbele ya Steeve, karibu kiasi cha kuguswa, na ngumi ya kulia ya kijana ilikuwa huru. Mara mbili ilinyanyuka. Mara mbili ikatafuta mahali pengine, ikapiga bega, ikapiga kifua.

Magoti ya Steeve yalikuwa yameshalegea ilipofika ngumi ya mwisho. Mtu akilegea magoti hapigwi, nayo ni sheria yetu. Ghislain alimpiga. Kichwa kisicho na kofia kikashuka kikagonga barafu, na waliokuwa safu za mbele waliacha kushangilia ghafla. Miguu ya Steeve ilitetemeka, viatu vikikwaruza barafu, kisha ikatulia.

Waliokuwa safu za nyuma hawakuona. Waliendelea kuimba jina la Ghislain, na Ghislain, akipelekwa kwenye kibanda cha adhabu, aliinua mkono kuwapungia kwa mazoea tu. Mkono ulikuwa bado hewani alipoona geti la uwanja linafunguliwa na watu wa machela wanakimbia, wanateleza.

Nyumbani majirani walikuwa wameshafika. Mireille alimshika uso kwa mikono miwili, akaliangalia jicho la kushoto kabla ya kitu kingine chochote. Lilikuwa zima. Akalia kwa furaha, akamfuta damu ya nyusi, akamgombeza kwa kuvunja ahadi huku anacheka. Kisha akaona mikono yake. Ghislain alimwambia aliyoyafanya, hapo hapo mbele ya wageni, pamoja na habari ya ngumi iliyogeuka. Mireille aliiweka pai mezani na hakuikata. Wageni waliaga mmoja mmoja.

Jumanne alikwenda mjini kwa daktari wa marubani. Daktari alimziba jicho la kulia, akamwambia asome herufi ukutani. Ghislain alizisoma zote mpaka mstari wa chini kabisa, zile ndogo ambazo wengi hukisia. Daktari alimsifu, akagonga mhuri, akamtakia heri angani. Ghislain alikunja cheti akakitia mfukoni, akavuka barabara kwenda hospitali kubwa alikolazwa Steeve.

Annick alikuwa nje ya chumba, amekaa, tumbo limejaa mapajani. Hakumfahamu kwa sura. Ghislain alipojitaja jina alidhani atapigwa kofi, na angelipokea. Annick alimtazama tu, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alimwambia kwamba wamempasua Steeve kichwa, wametoa damu iliyoganda, na mkono wa kulia na mguu wa kulia havimtii.

"Ameamka jana," alisema. "Hajui mwezi. Hajui kama nina mimba. Lakini kuna kitu kimoja anauliza, nikimjibu kwamba sijui, anasahau, anauliza tena. Anauliza, nimeligusa jicho la mzee?"

Ghislain alificha vidole vyake vilivyovimba mifukoni.

"Mzee huyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi niambie nimjibu nini. Alikugusa?"

"Hakunigusa. Hakunigusa hata kidogo."

Annick aliinuka kwa kushikilia ukuta, akaingia. Mlango ulibaki wazi kidogo. Ghislain alisikia sauti nzito, ya ulimi usiogeuka vizuri, ikisema afadhali, afadhali. Alikaa kwenye kiti cha Annick. Hazikupita dakika tano sauti ile ikauliza tena kama imeligusa jicho la mzee, na Annick akajibu tena kwa upole ule ule.

Ilipouliza mara ya tatu, Ghislain aliinuka, akaingia, akamjibu mwenyewe.