Waliomo Sakafuni

Fundi Cheche alikuwa amepiga magoti akichomelea mguu wa kitanda cha chuma, binti yake akafika na chupa ya chai na habari za mwenye nyumba. Mwenye nyumba amepita tena. Amesema mwezi ujao kodi ya chumba inapanda, na asiyeweza awapishe wanaoweza.

"Amesema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, baba. Tena huku anatafuna."

Cheche akavua kioo chake cheusi, akajipangusa jasho kwa mkono wa shati. Juzi chuma kimepanda bei, jana vijiti vya kuchomelea, leo zamu ya chumba. Kila kitu mjini kilijua kupanda ngazi isipokuwa ujira wa mtu. Wakubwa walisema redioni kwamba hali inaimarika. Labda ilikuwa inaimarika huko huko redioni.

"Mwambie asijichoshe kupanda na kushuka," akasema. "Leo jioni sisi tuna nyumba yetu."

Binti akamimina chai. Tangu mama yake afariki, alikuwa amejifunza kutofurahia kitu mpaka akishike.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mnada. Mwenyewe alishindwa kulipa mkopo, benki ikaitwaa na kumkabidhi dalali, mtu mnene wa sauti nyembamba ambaye watu walimwita Nyundo. Mnada ulifanyika barabarani, mbele ya geti lililofungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia ndani. Nyundo alisoma masharti kama mtu anayekimbia mvua: nyumba inauzwa kama ilivyo, waliomo ndani ni juu ya mnunuzi kuwatoa, madeni mengine yakiibuka, benki haiyajui. Waliokuja na fedha zao wakakuna videvu, wakarudi nyuma hatua moja moja. Muuza mbao mmoja akamnong'oneza Cheche, "Ndugu yangu, usiuziwe mbuzi kwenye gunia."

"Mbuzi huyu namjua kwa pembe zake," Cheche akajibu, akanyoosha mkono.

Pembe zenyewe zilikuwa lile geti. Alilitengeneza yeye, enzi za uhai wa mkewe. Siku alipolisimamisha, nyuma yake palikuwa na msingi na lundo la mchanga tu, na tangu hapo hakuwahi kurudi, hata sura ya mwenyewe akaisahau. Lakini maua yake ya chuma yalikuwa yale yale, bila kutu hata tone. Mtu alikuwa akilikwangua na kulipaka rangi mwaka hadi mwaka. Cheche akawaza: anayetunza geti hivi, ndani ataharibu nini? Mwingine angeuliza habari za paa, mwingine za hati. Yeye aliitazama kazi ya mikono yake, ikampendeza, akanunua kilichokuwa nyuma yake.

Akiba yote aliyoiacha marehemu mkewe ikaenda kwenye malipo ya kwanza. Kilichobaki, benki ile ile ilikubali kumkopesha, dhamana ikiwa karakana na mashine yake ya kuchomelea. Leo kabla ofisi hazijafungwa alitakiwa kutia sahihi. Asipotia, malipo ya kwanza yanaliwa, na nyumba inarudi mnadani.

Alianzia manispaa, maana alisikia watu wakisema usiweke sahihi kabla ya kuuliza kule. Karani alikuwa kijana wa kola safi, anakula karanga na kulundika maganda pembeni ya mhuri.

"Nyumba hii haijalipiwa kodi ya majengo siku nyingi," akasema. "Utalipa wewe."

"Si anadaiwa aliyekuwa nayo?"

"Mzee, deni linafuata nyumba. Halifuati mtu."

"Hata kama huyo mtu mnamjua kwa sura na kwa jina?"

"Mtu anakimbia, mzee wangu. Nyumba itakimbilia wapi?" Akatia karanga nyingine mdomoni.

Cheche akatoka ameduwaa. Ilionekana katika mji mzima mwenye neno la kumuumiza mtu lazima awe na kitu cha kutafuna.

Akaenda moja kwa moja kwa Nyundo, akamwambia hatii sahihi mpaka aone ndani. Nyundo akalalamika, akatazama saa, mwisho akachukua ufunguo wa benki wakaenda. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Ufunguo ukaingia, ukagoma kugeuka. Nyundo akausukuma, akautemea mate, akaupiga kofi.

"Wamebadilisha kitasa, mbwa hawa!"

"Sogea, bosi," Cheche akasema.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilitokana na kujivunia kazi. Kila geti alilotengeneza alilitia komeo la siri la kufungulia bila ufunguo, kwa sababu watu hupoteza funguo halafu wakamwamsha yeye. Akapitisha mkono kwenye ua la chini karibu na bawaba, akabonyeza petali ya nyuma, akaisukuma juu. Ndani pakasikika mlio mdogo, geti likafunguka taratibu kama limepakwa mafuta.

"Kumbe wewe mwizi mstaafu!" Nyundo akacheka. Lakini macho yake yalibaki kwenye lile ua, na Cheche aliyaona.

Mlangoni alikuwapo mwanamke mwenye mvi, ameshika fagio. Nyuma yake, juu ya kigoda, amekaa mzee mwenye magoti yaliyovimba, vidole vimekakamaa kwa saruji ya miaka. Alikuwa mwashi. Hakuinuka.

"Karibuni," akasema. "Vueni viatu."

"Viatu?" Nyundo akafoka. "Sisi tumekuja kuwatoa, unatuambia viatu?"

Cheche akainama kufungua kamba za viatu, kwa sababu alikuwa ametazama chini.

Sakafu ilikuwa hai. Alifikiri kwanza ni zulia, akagusa kwa kidole cha mguu, ikawa baridi na imara. Vilikuwa vipande vya vigae vilivyovunjika, vidogo kama kucha na vikubwa kama kiganja, vya kila rangi aliyowahi kuiona na nyingine ambazo hakuzijua jina. Mto wa buluu ulitoka chini ya mlango wa jikoni, ukakata sebule, ukapotelea chumbani. Kando ya mto kulikuwa na watu. Walikuwa wafupi kama mkono wa mtoto, na kila mmoja alikuwa kazini. Mmoja amebeba mfuko wa saruji na shingo imepinda kwa uzito. Mwingine yumo shimoni, kinachoonekana ni kichwa na sururu. Seremala ameuma misumari mdomoni. Mwanamke anapepeta mchanga, na mchanga wenyewe unadondoka kwa punje za kigae cheupe zilizosagwa. Mitaani alikuwa amefunga mageti ya matajiri wengi, akaona marumaru inayong'aa mpaka mtu anaogopa kivuli chake. Hakuwahi kuona kitu kama hiki. Alitembea kwa ncha za vidole, kama anayepita katikati ya watu waliolala.

"Umevitoa wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kwenye majengo yao," mwashi akasema. "Kigae kikivunjika wanatupa. Nilikuwa nabeba kwenye kopo la chakula. Asubuhi linakwenda na chakula, jioni linarudi na nyumba."

"Nilidhani nimeolewa na kichaa," mkewe akadakia. "Wenzangu waume zao wanarudi na mkate."

"Na hawa watu?"

"Ni walioijenga. Aliyeweka mkono kwenye nyumba hii yumo sakafuni. Huyo wa shimoni ndiye aliyechimba msingi, alishafariki. Sikuwa na cha kuwalipa vizuri. Nikasema basi, wasisahaulike."

"Na benki iko wapi?" Nyundo akauliza kwa dhihaka. Alikuwa amesimama juu ya mto na viatu vyake.

"Benki haikuweka mkono," mwashi akasema. "Ndiyo kwanza inauweka sasa."

Kisha akamtazama Cheche kwa muda mrefu, kama anayepima ukuta kwa jicho. "Wewe ni fundi wa geti. Nimekujua ulivyofungua. Hebu nenda pale dirishani, ndugu yangu. Nenda tu."

Cheche akaenda. Chini ya dirisha palikuwa na mtu aliyepiga magoti, uso mweusi wa kioo, na mbele yake cheche za vigae vya manjano na vyekundu zikiruka kama mbegu. Nyuma ya mtu huyo amesimama mwanamke aliyeshika mwavuli. Mwavuli haukumfunika yeye, ulimfunika fundi na mashine yake. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameuweka kiunoni.

Siku ile ya kusimamisha geti mvua ilinyesha. Alikuwa amesahau. Mkewe alimletea chakula, akaona waya unalowa, akafungua mwavuli na kusimama pale mpaka kazi ikaisha, mgongo wake ukichuruzika maji, mkono kiunoni, akimsema, "Ukifa kwa umeme mimi sirudi kwetu, nitakufuata huko huko nikugombeze." Cheche hakuwa na picha yake isipokuwa ile ya kitambulisho, ambayo imemtoa kama mshitakiwa. Na muda wote huo mkewe alikuwa hapa, kwenye nyumba ya watu, amesimama wima na mwavuli, anapitwa na miguu ya watu wasiovaa viatu.

Akakaa chini. Akaweka kiganja juu ya mwavuli ule.

Mke wa mwashi akaleta maji ya kunywa, akayaweka kando yake, akaondoka.

"Mkopo ulikuwa wa nini?" Cheche akauliza baadaye.

"Wa soko la manispaa," mwashi akasema. "Walinipa kazi ya kujenga. Wakasema anza kwa chako, tutakulipa. Nikaweka nyumba rehani nikanunua saruji. Soko likaisha, wakalifungua kwa hotuba na utepe. Nikienda kudai naambiwa faili liko kwa mkubwa."

"Na bado wanakudai kodi ya majengo?"

"Wanadai! Karani wao mmoja anakula sana karanga."

Cheche akacheka ghafla, cheko lililotoka na machozi. Wenye kudaiwa ndio wanaodai, na aliyejenga soko ndiye anayeuzwa barabarani.

"Haya, maonyesho yamekwisha," Nyundo akamwambia Cheche. "Mzee, usipotia sahihi leo, yupo tajiri wa matairi anaitaka iwe ghala. Hizi takataka zitang'olewa kwa nyundo asubuhi moja. Amua."

Benki ilikuwa baridi, na harufu yake ni ya zulia jipya. Dada wa mikopo alimpa Cheche kalamu na kumwonyesha mahali. Cheche akaishika kalamu kama anavyoshika kijiti cha kuchomelea.

"Dada yangu, nikichelewa kulipa mtafanya nini?"

"Tutauza karakana na mashine, mzee. Na nyumba. Ndiyo utaratibu."

"Mtauza bila kufungua mlango?"

"Mnunuzi anaona kwa nje. Inatosha."

"Na hawa wazee mliowauza, nikikaa nao?"

"Masharti yanataka iwe wazi. Wakiwemo, mkopo hautoki."

Akaifunika kalamu, akairudisha mezani. Dada akamkumbusha kwamba malipo yake ya kwanza hayarudi. Alisema kwa upole, na hakuwa akitafuna chochote, lakini ilikuwa ile ile. Cheche akasema, "Najua. Nilikubali mwenyewe, nikisomewa na mtu anayekimbia mvua." Akatoka nje. Akiba ya mkewe, vikoba alivyochangia na wenzake, vitenge alivyokosa kununua, yote yamebaki mle ndani kwenye ubaridi.

Karakanani binti yake alimwona usoni, akajua.

"Imeshindikana?"

"Imeshindikana."

"Na pesa ya mama?"

"Imekwenda."

Binti akageuka kutazama ukuta. Mabega yake yakapanda, yakashuka. "Sasa sisi, baba? Mwezi ujao?"

Hakutaka kumdanganya tena. Akapakia mashine kwenye mkokoteni.

"Nisukumie," akasema. "Njoo umwone mama yako."

Walipofika mwashi aliwafungulia mwenyewe. Binti alivua viatu, akaingia. Cheche hakumfuata, alibaki getini akiandaa vifaa. Kutoka ndani alisikia sauti ya mwanawe ikisema mara moja tu, "Mama yangu jamani." Binti hakuuliza tena habari za mwezi ujao.

Wakavuta waya wa umeme kupitia dirishani. Cheche akapiga magoti mbele ya ua la chini karibu na bawaba, ambalo Nyundo alikuwa amelikariri kwa macho. Kitasa kipya cha wazee kilikuwa kizima na funguo walikuwa nazo. Kilichobaki ni kuliziba lile komeo la siri. Akavaa kioo. Mvua ikaanza, nyembamba, ikitia vitone kwenye mashine.

Kivuli kikamfunika. Hakugeuka. Alipomaliza mshono wa kwanza na kuinua kioo, akaona binti yake ameshika mwavuli wa mke wa mwashi, maji yanamchuruzika mgongoni, mkono wa kushoto kiunoni. Hakuna aliyemfundisha. Cheche akashusha kioo haraka, akaendelea kuchomelea mpaka petali ikawa kitu kimoja na ua.

"Watakuja wavunje," mwashi akasema kutoka upande wa ndani, ameegemea fimbo.

"Wavunje," Cheche akasema. "Kufungua, hawafungui."

Mwashi akatingisha kichwa. Kisha akapitisha uso kati ya maua ya chuma, akamkazia macho binti, kichwa kimeinama upande, kama anayepima ukuta.

"Gauni lako hilo ni rangi gani, mwanangu? Macho yangu jioni hayaoni vizuri."

"Kijani, babu."

"Kijani ninacho kidogo," mwashi akasema, akageuka, akaanza kujikongoja kuelekea ndani kulitafuta kopo lake.