Mikono Hamsini ya Kushoto

Mke wangu ndiye mkataji bora katika karakana yetu ya sare. Anayebisha alete kitambaa. Mimi napiga pasi meza ya pili, namwona kila siku.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, mtoto akageuza usiku kuwa mchana. Mama akilala tu, yeye anaanza mpira. Siku ya nne bila usingizi, mke wangu alisahau kugeuza kitambaa, akakata mikono hamsini ya mashati, yote ya kushoto.

Bosi wetu, tunayemwita Bibi Futi, aliishika mmoja mmoja. "Ijumaa tunamaliza oda. Ukikosea tena, meza ya kukatia nampa mwingine. Ukitoka uzazi utashona vifungo."

Jioni ile niliweka mdomo tumboni nikasema kwa sauti ya baba: "Wewe, lala!" Nikala teke la shavu.

"Hajazaliwa na keshakuzaba kofi!" mke wangu alicheka hadi machozi. Mimi nilivimba kichwa. Mguu gani ule!

Asubuhi tukaenda kwa mkunga. "Anayecheza hivyo ni mzima," alisema. "Akipunguza kucheza, hapo ndipo uje mbio. Mchana unaizunguka meza, unambembeleza, analala. Ukilala wewe, bembea imesimama. Lala kwa ubavu, na mchana pia ujiibie usingizi."

Njiani nikamwambia, "Nitakuficha nyuma ya marobota saa ya chakula."

"Nijifiche? Nimeiba nini?"

Akaenda moja kwa moja kwa Bibi Futi. "Bibi, naomba saa moja ya kulala mchana."

Mafundi wote wakageuza shingo.

"Hapa karakana, binti, si gesti."

"Ile mikono hamsini ilitupotezea muda gani?"

"Siku nzima, unajua mwenyewe!"

"Mimi naomba saa moja tu. Nikikosea tena, nipe vifungo leo leo, usingoje uzazi."

Bibi Futi alimtazama, akatazama tumbo. "Saa moja. Siyo na dakika."

Ijumaa mchana mke wangu alipanda kwenye meza yake, akalala kwa ubavu juu ya vitambaa vya kaki. Gauni lilikuwa linarukaruka tumboni, lakini mwenyewe anakoroma. Fundi mmoja akacheka. Bibi Futi akamkata jicho, naye akainamia cherehani yake.

Alipoamka alinawa uso, akashika mkasi. Nilimwona anageuza kitambaa bila hata kufikiri.

Jioni Bibi Futi alipanga mikono yote miwili miwili, kulia na kushoto, mpaka wa mwisho. Alitafuta kosa kama mtu aliyedondosha pete. Hakulipata.

"Meza ni yako," alisema. "Ukienda, ukirudi, ni yako."

"Na kesho saa ngapi nilale, Bibi?"

"Baada ya chakula. Na huyu mumeo aache kucheka, pasi inaunguza."