Siku Burnley Ilipopambana na Winnipeg

Jumamosi ile Kieran Haworth aliamka kabla ya mkewe, akapiga pushapu sebuleni kama bondia, halafu akaenda kumtangazia Jodie kitandani kwamba leo mama mkwe analia. Jodie alikuwa bado amejifunika mto usoni. Akamjibu kwamba mama yake hajawahi kulia dukani tangu azaliwe, na kwamba mtu asijisifu kabla hajavaa suruali.

Ishu yenyewe ilikuwa hivi. Wawili hawa walitoka Burnley, kaskazini mwa Uingereza, wakahamia Winnipeg, Kanada, kwa sababu Kieran ni fundi plasta na Winnipeg walikuwa wanajenga kama wamechanganyikiwa. Hawajamaliza mwaka, na Kieran keshapagawa na mji. Anapenda baridi inayogandisha kope. Anapenda kutembea juu ya mto ulioganda, anapiga mluzi katikati kabisa, pale ambapo kiangazi angekuwa anazama. Lakini kubwa kuliko yote, anapenda kuamka kwenye nyumba isiyo na mama mkwe. Burnley walikuwa wanalala chumba cha nyuma kwa Maureen, mama yake Jodie, chumba ambacho ukitaka kufungua kabati lazima mmoja wenu atoke nje kwanza.

Jodie hakuwa na ugomvi na Kanada. Ugomvi wake ulikuwa bei. Akitoka dukani anakaa kwenye gari bila kuliwasha, anageuza dola kuwa pauni kichwani, halafu anasema, "Jibini, Kieran. Jibini." Hasemi lingine mpaka nyumbani. Na Maureen naye kila akipiga simu anachochea: huko mnaibiwa mchana kweupe, rudini, chumba kipo, nimebadilisha hadi pazia.

Basi Jodie, mtu wa haki mpaka anakera, akakata shauri. Jumamosi moja, orodha moja, chakula na sabuni za wiki kwa watu wawili. Maureen ananunua Burnley, wao wananunua Winnipeg, simu iko hewani kwa video ili mtu asidanganye. Petroli na bili ya simu wakazitoa kwenye hesabu mapema, maana petroli ya Kanada ukilinganisha na ya kwao ni kama ya bure, lakini bili ya simu ni kama unamlipia na jirani, kwa hiyo zinafutana. Winnipeg ikiwa ghali, wanakata tiketi wanarudi kwa Maureen. Ikiwa rahisi, wanabaki na mada inafungwa.

Kieran alikubali palepale. Ndivyo anavyokubali mambo yote, mdomo unatangulia, kichwa kinafuata baadaye kinauliza kumetokea nini.

Wakaingia dukani asubuhi, Burnley ikiwa ni alasiri. Jodie kashika simu, Kieran kashika toroli. Kwenye simu alionekana Maureen, au tuseme paji la uso la Maureen na taa za dari, maana tangu simu za video zitengenezwe yule mama hajawahi kuishika inavyotakiwa.

"Kijana," akasema lile paji la uso, "umekuja na kitambaa cha kujifutia?"

"Nimekuja na cha kwako, Maureen. Kikubwa, cha mezani."

Wakaanza. Kieran alikuwa haendi, anakimbia. Anapinda kona na toroli kwa tairi mbili, anatangaza kama mtu wa redio. Nyama ya kusaga, Winnipeg mbele. Mtu mzima mmoja akampisha akamwomba radhi, kama vile yeye ndiye aliyekuwa anaendesha toroli vibaya. Viazi, sare. Mayai, Winnipeg imepigwa kidogo. Siagi, imepigwa. Maziwa wakabishana, kwa sababu ya Kanada yanauzwa kwenye madumu ya lita nne na Maureen akasema yeye hawezi kulinganisha maziwa na kitu kinachofanana na dumu la petroli. Mkate, Burnley mbele. Maharage ya kopo, yale ya nyumbani yenye rojo ya nyanya, Burnley mbele kwa aibu kabisa. Majani ya chai, hata tusiongee.

Halafu wakafika kwenye jibini. Kieran akapunguza mwendo. Akachukua kipande, akasoma bei, akakirudisha, akachukua kidogo kuliko kile, akakisoma. Jodie aliinua tu simu, na Maureen, ambaye sasa alionekana pua, akainua chake. Bonge la jibini. Ukimpiga nalo mtu anazimia. Bei yake isingenunua hata ganda la lile la Kieran.

"Endelea tu, baba," akasema Maureen taratibu. "Hapo bado kuku."

Na kwenye kuku ndipo ilipowaka. Maureen alimwonyesha kuku mzima wa bei ya peremende, Kieran akaja usoni kabisa kwenye kioo cha simu, akaiona ile stika ya njano. Kila mtu wa kule anaijua. Kitu kikikaribia kuharibika wanakibandika njano wanashusha bei, na kina Maureen wanajua saa ambayo mbandikaji anatoka stoo, wanamvizia kama paka.

Kieran akalalamika mpaka watu wa sehemu ya samaki wakageuka. Kuku huyo anakufa leo mara ya pili, alisema, hawezi kuhesabiwa. Maureen akajibu kwamba hakuna aliyekataza, na yeye ndivyo anavyonunua kila wiki tangu Jodie yuko tumboni, kwa hiyo ni gharama halisi ya maisha halisi. Wakamgeukia Jodie.

Jodie akafikiri, akaamua kuku apite. Lakini, akasema, kama mama anatumia ujanja wa Burnley, basi na Kieran anaruhusiwa kutumia ujanja wowote wa Winnipeg. Hapo Maureen akawa amekwishafika kwa keshia. Kijana mmoja akampigia hesabu haraka, akasoma kwa sauti. Pauni sitini na kidogo. Jodie akabonyeza simu ya Kieran kugeuza: dola mia moja na kumi na mbili.

Akajumlisha na vya kwenye toroli lao. Mia na thelathini na nane.

Kieran alitazama ile namba. Masikioni alikuwa anausikia mlango wa lile kabati la chumba cha nyuma.

Ujanja wa Winnipeg alikuwa anaujua. Jamaa yake wa saiti alimwambia siku nyingi: maduka kama hili, ukimwonyesha keshia kwamba duka lingine wiki hii wanauza kitu hichohicho kwa bei ya chini, analinganisha, anakushushia palepale. Matangazo yote yako kwenye simu. Kila mtu anafanya. Kieran alimcheka yule jamaa. Alimwambia yeye bora afe njaa.

Si kwamba anaona haya kununua rahisi. Tatizo ni foleni. Huyu Kieran anapanda jukwaa la ghorofa ya tisa bila kushika kitu. Amepigana na mtu mwenye nyundo. Lakini mweke kwenye foleni, halafu mtu nyuma yake asafishe koo kidogo, ehem, tu hivyo, anayeyuka. Kule kwao hawakupigii kelele ukichelewesha foleni. Wanashusha pumzi. Na mtoto wa Burnley anafundishwa kuiogopa ile pumzi kabla hajafundishwa kuvuka barabara.

Alipanga vitu kaunta. Keshia alikuwa dada wa Kifilipino, jina kifuani Marivic. Nyuma ya Kieran kulikuwa na bibi mmoja wa Kiukreni, wale waliozaliwa hapohapo Winnipeg, kofia ya manyoya, kabeba kabichi moja. Nyuma ya bibi, watu wanajaa.

"Samahani sana, dada," Kieran akasema. "Naomba tulinganishe bei."

"Ya kipi, kaka?"

"Ya... karibu vyote."

Marivic akakunja mikono ya sweta.

Ikaanza. Kuku, Kieran anatafuta kwenye simu, vidole vinateleza, anampa Marivic, Marivic anasoma, anabonyeza, dola saba zinaanguka. Jibini, nne. Siagi, mbili. Kahawa, sita nzima. Kila bei ikianguka Jodie anaruka kidogo bila kutaka, na kila Jodie akiruka foleni inarefuka. Kieran aligeuka akasema samahani. Foleni nzima ikamjibu samahani. Akasema hapana, samahani mimi. Mzee mmoja wa kule mwisho akasema samahani kwa kumfanya ajisikie vibaya. Kieran shingo ilikuwa nyekundu kama nyama ya kusaga.

Kule Burnley simu sasa ilishikwa sawasawa, kwa mara ya kwanza katika historia. Maureen alikuwa anaonekana mzima, mkono mdomoni.

"Kieran," akanong'ona, kama vile wa Winnipeg wangemsikia wakamjua. "Kieran, kuna watu nyuma yako."

"Najua, Maureen."

"Kuna mama ana kabichi moja tu."

"Najua."

Bekoni, tatu. Nyanya za kopo, moja na nusu. Mkate, moja. Mia na kumi na tatu na nusu. Tufaha, zikashuka. Mia na kumi na moja. Chini ya Maureen. Kieran akainua ngumi juu, akambusu Jodie kwenye kofia, akamshukuru Marivic, akaishukuru foleni.

Marivic akabonyeza kitufe cha mwisho. Mia na kumi na tano.

Kodi. Mtu unakaa Kanada miezi yote hiyo na bado kichwa chako ni cha Uingereza, unaamini bei iliyobandikwa kwenye rafu ndiyo bei. Chakula wamekiacha, lakini sabuni, dawa ya meno na karatasi za chooni kodi ilikuwa inawasubiri mlangoni. Maureen aliona uso wa Kieran akaelewa. Hakushangilia. Alisema tu, kwa upole uliouma kuliko kelele, kwamba chumba kina pazia jipya.

Hapo ndipo yule bibi wa kabichi aliposafisha koo. Ehem.

Kieran akafumba macho. Bibi akamgusa bega.

"Mwanangu, sabuni ya unga umetozwa bei kubwa. Duka la karibu na kwangu wameshusha dola sita." Akafungua mkoba, akatoa tangazo la karatasi. "Nilitaka kukwambia tangu mwanzo, nikaona usije ukasema nakuharakisha."

Marivic akalitazama, akasema inawezekana, ila hesabu imeshafungwa. Kuifungua lazima amwite msimamizi. Na kumwita msimamizi lazima awashe ile taa.

Taa ilikuwa juu ya kaunta, kwenye mlingoti. Ikiwaka inamweka-mweka, duka zima linajua kaunta ipi imekwama na wanatazama ni nani kaikwamisha. Foleni ilikuwa imeshafika kwenye maziwa ya madumu. Kieran aliitazama taa, akaitazama foleni, akamtazama Jodie. Jasho lilikuwa linatiririka ndani ya koti la baridi.

"Iwashe," akasema.

Ikawaka. Maureen kule Burnley akajifunika uso, akachungulia katikati ya vidole.

Msimamizi hakuwa na haraka. Alionekana mbali anatembea kama mtu anayekwenda kuangalia bustani yake. Kieran alisimama chini ya taa, wekundu unamwakia na kuzimika usoni, mikono ameiweka nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, jambo ambalo enzi zake lilikuwa la kila wiki. Hakukimbia. Midomo ilikuwa inacheza. Jodie alisogea akasikia: samahani, samahani, samahani.

"Mama," Jodie akasema kwenye simu, "unamkumbuka yule bata mzinga?"

Krismasi moja Burnley, keshia alimtoza Kieran bata mzinga mzima wa mtu mwingine, na Kieran akalipa akaondoka mikono mitupu, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu wawili.

"Namkumbuka," Maureen akasema.

"Basi mtazame."

Maureen akatazama. Msimamizi alifika, akachukua tangazo la bibi, akalisoma juu mpaka chini, akaonyesha tarehe pembeni kabisa. Ofa inaanza Alhamisi ijayo. Akaomba radhi. Bibi akaomba radhi. Marivic akaomba radhi. Taa ikazimwa. Mia na kumi na tano, palepale.

Kieran alitoa kadi ya benki, mabega yamedondoka. Akamwambia Jodie kwamba sawa, mkataba ni mkataba, tiketi atakata yeye usiku.

"Tiketi za nani?"

"Zetu. Tumepigwa, Jodie. Dola tatu."

"Mimi siendi popote," Jodie akasema. "Mwanamume aliyesimama pale chini ya taa namrudisha chumba cha nyuma nikamfanyie nini? Dola tatu nitazilipa mimi. Tutakula jibini Jumapili tu."

Kieran alimwangalia kama hajasikia vizuri. Akamwangalia Maureen kwenye simu, ajue kama ni mchezo. Maureen alikuwa amegeuka pembeni, anahangaika na kitu machoni, na alipoongea sauti ilikuwa imekwaruza.

"Mwambie alipe basi, aondoke hapo," akasema. "Watu wanasubiri."

Kieran akalipa. Akalitoa toroli nje mbio, kwenye barafu ya maegesho, Jodie kadandia mbele na simu ameinyoosha juu ili mama yake aone mbingu, na Maureen kule Burnley, katikati ya duka lake, anawaambia wapunguze mwendo, mayai, nyie watoto, mayai.