Kalamu Nyekundu Hajibu Swali

Mtaa mzima ulimwita Kalamu Nyekundu, na yeye alilipokea jina hilo kama nishani. Alisahihisha mitihani maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu, mitihani ilimwacha lakini usahihishaji ukamganda. Ukisema jana mvua ilinyesha saa tisa, atakwambia ilikuwa saa kumi kasoro. Aliwahi kumkatiza msomaji wa wasifu wa marehemu katikati ya mazishi kwa sababu alikosea umri. Marehemu mwenyewe, kwa bahati yake, hakuwa na la kuongeza.

Jumamosi hiyo sebule yake ilijaa majirani. Juma lililopita fundi cherehani wa mtaani alipigiwa simu na mtu aliyejifanya wa benki, akamtajia kila alichoulizwa, akaunti ikabaki nyeupe. Kalamu Nyekundu akaona watu wanateketea kwa ujinga na yeye yupo hai. Akawaita, akasimama mbele ya kabati la vyombo, mikono nyuma. Fundi alikalishwa mbele kabisa awe mfano wa kosa, maskini, ameinamisha kichwa kama mtoto aliyekojoa kitandani.

"Kosa lako lilikuwa nini?"

"Nilijibu, Mwalimu."

"Ulijibu! Mwizi wa simu ana silaha moja tu, swali. Ukimnyima jibu umemmaliza. Mimi sijibu swali. Sijawahi, na sitajibu."

Mkewe alikuwa pembeni kwenye kiti chake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, wageni akiwatambua kwa sauti. Jumatatu ilikuwa siku yake ya upasuaji. Hela yenyewe, waliyoikusanya kwa kujinyima hadi sukari ya chai, ilikuwa imetulia benki ikingoja kulipwa asubuhi hiyo hiyo, maana hospitali ile haikumgusa mtu kabla ya kuona risiti.

"Angepigiwa huyu," Kalamu Nyekundu akamwonyesha mkewe kwa kidevu, "angempa mwizi hela na nauli juu."

Watu wakacheka. Mkewe naye akacheka. Alishazoea kuwa mfano.

Hapo simu ya Kalamu Nyekundu ikalia, namba ngeni. Akaitazama kwa furaha ya mtu aliyeletewa chakula mezani, akaiweka kwenye spika na kuinua kidole watu watulie.

"Habari za mchana, mzee wangu. Napiga kutoka benki yako, kitengo cha usalama. Naomba namba yako ya akaunti."

"Sijibu swali, kijana."

"Basi tarehe ya kuzaliwa?"

"Sijibu swali!"

Kinyozi wa mtaani akapiga makofi. Mwizi mjinga angekata simu. Huyu alibadilisha sauti, ikajaa unyenyekevu.

"Sikuulizi tena, mzee wangu. Mwenzangu alishaandika kila kitu, mimi nakusomea tu halafu nakuacha upumzike. Umezaliwa mwezi wa pili, tarehe kumi..."

"Wa nne!"

"Samahani. Tarehe kumi, mwezi wa nne."

"Kumi na moja! Hivi hizi kazi mnapewaje?"

"Tuvumilie, mzee. Akaunti yako inaishia na tatu, tisa, tisa..."

"Uongo mtupu!" Kalamu Nyekundu akaitaja namba nzima, mwanzo hadi mwisho, polepole, kwa sauti ya imla. "Umeandika? Nisomee." Kijana akasoma. "Haya, sasa ni sahihi."

Fundi cherehani akainua kichwa. "Mwalimu, lakini..."

"Nyoosha mkono kwanza."

Fundi akanyoosha mkono. Hakupewa nafasi, kwa sababu ujumbe uliingia kwenye simu na Kalamu Nyekundu akausoma kwa sauti: hii ni namba yako ya siri, usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka benki. "Mnasikia? Hata benki wenyewe wanasema ninayosema mimi."

"Hapa naona namba hiyo inaanza na nane, mzee," kijana alisema. "Nane, nane, moja..."

"Nane umeitoa wapi?" Akaipandisha miwani, akamsahihishia tarakimu moja moja hadi ya mwisho.

"Nimesalimu amri, mzee wangu. Wewe hutapeliki." Simu ikakatwa.

Sebule ikalipuka kwa makofi. Mkono wa fundi ulikuwa bado juu.

Katikati ya makofi hayo ujumbe mwingine ukaingia, na huu Kalamu Nyekundu hakuusoma kwa sauti. Umeomba kuhamisha fedha zote. Kama si wewe, piga namba hii sasa hivi. Kidole gumba kikasimama juu ya namba ya benki. Lakini kupiga kulikuwa na maana ya kusema alichofanya, pale pale, mbele ya watu wake, mbele ya fundi.

"Mwalimu, hebu tueleze tena ulivyomzima," kinyozi akaomba.

Akaeleza tena. Ndiyo, jamani, aliwaeleza, maana kwake heri kuibiwa kuliko kukosea hadharani. Fundi akamsogelea, akamnong'oneza, "Mwalimu, piga benki sasa. Mimi nilichelewa."

"Kaa chini."

Mgeni wa mwisho alipotoka, Kalamu Nyekundu alikimbilia uani na kupiga. Msichana wa benki alimuuliza maswali mengi naye akayajibu yote, tena kwa upole wa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mwishowe msichana akasema pole sana, mzee, hela imeshatoka, na huko ilikoenda imeshachukuliwa. Alisimama pale akiangalia kamba ya nguo. Alitamani kulia, akaona haya hata kwa hilo.

Aliporudi sebuleni, mkewe alikuwa kwenye simu na dada yake mkubwa.

"Ungemsikia shemeji yako leo, dada! Mwizi kaomba poo mwenyewe. Hela yetu ipo salama kabisa. Jumatatu napasuliwa, wiki ijayo nakuona uso wako!"

Makosa matatu kwa pumzi moja. Kalamu Nyekundu akashika mgongo wa kiti.

"Si Jumatatu," alisema. Akarudia. "Mke wangu, si Jumatatu."

Mkewe akacheka mpaka akashika ubavu.

"Umemsikia, dada? Hata siku yangu ya hospitali ananisahihisha!"