Hongera Thelathini na Nne

Mwalimu, umetaka ukurasa mmoja na nusu: tumejifunza nini kwenye mawasilisho ya wenzetu, na maoni tuliyowapa yamewasaidia vipi. Ningejibu kwa neno moja tu, hayakuwasaidia, nikaenda zangu. Lakini ungenirudishia daftari, na tangu Ijumaa kuna jambo nimelificha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Acha niseme.

Kwanza, tulikudanganya. Ulituambia mmoja akiwasilisha, sisi thelathini na nne tuliobaki tumwandikie vikaratasi vya maoni bila kuweka majina, na kwamba vikaratasi hivyo vina alama kumi. Siku hiyohiyo kiranja wetu alituita bombani nyuma ya maabara. "Jamani, nipe nikupe," akasema. "Kila mtu amwandikie mwenzake hongera. Atakayejifanya profesa, tutamjua." Tukacheka, tukapeana mikono. Aliyenyamaza ni rafiki yangu peke yake, yule tunayemwita Kinanda kwa sababu hatulii hata akiwa anatafuna. Ningejiuliza mbona leo kimya, lakini kengele ililia na mimi nilikuwa na njaa.

Zamu yangu ilikuwa Jumanne. Unakumbuka, niliuliza moyo wa nani unadunda haraka zaidi, wavulana au wasichana, nikachora jedwali kwa rangi tatu, nikatangaza kuwa ni wasichana. Vikaratasi nilivisoma nikitoka darasani, natabasamu kama mtu aliyeletewa posa. Hongera. Hongera dada. Umetisha. Thelathini na tatu vilikuwa hivyo. Kimoja kiliandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda: WAVULANA ULIWAPIMA WAMEKAA. WASICHANA ULIWAPIMA WAKITOKA KURUKA KAMBA. HUWEZI KUWALINGANISHA. PIMA UPYA.

Loh! Damu ilinichemka. Nikajua ni Miwani, yule kijana wa dawati la mbele anayesahihisha hata tangazo la kantini. Nikamfuata bombani nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la shule. Aliapa si yeye. Nikamwambia muongo mkubwa. Nilipofika nyumbani, hasira zikashuka, nikalifungua jedwali langu na kulitazama vizuri, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Ilikuwa kweli tupu. Kesho yake nikaanza kupima upya, kila mtu akae dakika tano kwanza. Tofauti ikawa ndogo, karibu haipo. Miwani sikumwomba radhi.

Jumatano ikawa zamu ya Kinanda. Hapa lazima nikueleze kuhusu mama yake. Ni fundi cherehani, na kibanda chake ndicho kinachowalisha. Yeye alitaka binti ahamie mchepuo wa biashara, amsaidie kazi. Wakabishana wiki nzima, mwisho mama akasema, "Uchaguliwe kati ya wale wawili watakaosimama mbele ya wageni, nije Ijumaa nikusikilize. Nikiona unajua unachokifanya, nitasaini fomu ya sayansi. Nikiona ni porojo, cherehani inakungoja." Kinanda alinieleza hayo akinishika mkono, na kiganja chake kilikuwa cha baridi.

Basi akasimama na vipande vyake viwili vya mkate. Kimoja alikiweka dirishani juani siku tano, kikawa kikavu, safi. Kingine alikiweka gizani kabatini, kikaota ukungu wa kijani. Akahitimisha: mwanga huzuia ukungu. Alisema vizuri jamani, hata wewe ulitikisa kichwa kukubali. Lakini kile cha kabatini alikuwa amekifunga kwenye mfuko wa nailoni ili sisimizi wasikifikie, na kile cha dirishani hakukifunga. Mimi nakaa karibu. Niliona matone ya maji ndani ya mfuko. Mkate mmoja ulikauka, mwingine ulikaa na unyevu wake, kwa hiyo nani ajue kama ukungu uliletwa na giza au na maji?

Nilichukua penseli nikaandika: "Mfuko ule". Mkono ukagoma. Nikawaza bomba, nikawaza kiranja, nikawaza kile kiganja cha baridi. Nikajiambia, unataka kumharibia rafiki yako bahati yake? Nikafuta kwa raba. Juu yake nikaandika: "Hongera sana dada, umetisha!"

Alhamisi ukatutangaza mimi na yeye tusimame mbele ya wageni. Kinanda alinirukia shingoni. Mimi nikawaza ule mfuko. Ijumaa asubuhi nilimfuata mara tatu nimwambie. Mara ya kwanza alikuwa anafanya mazoezi mbele ya kioo cha chooni. Mara ya pili alikuwa na wewe. Mara ya tatu alikuwa peke yake kabisa, ananitazama, ananiuliza, "Vipi?" Nikamuuliza kama ana pini. Mwoga mkubwa mimi.

Nikatangulia mimi. Yule mama mgeni, mpimaji wa usafi wa maji, aliniuliza nani alinishauri niwapumzishe watu kabla ya kuwapima. Nikasema ni mwenzangu mmoja. Akasema, "Huyo ni rafiki wa kweli." Wakapiga makofi. Nikakaa.

Kinanda naye akaanza. Mama yake alikuwa safu ya pili, futi ya kupimia bado iko shingoni, maana alikuja mbio kutoka kazini. Mpimaji wa maji akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, wa kabatini ulikuwa ndani ya mfuko?"

"Ndiyo, mama."

"Na wa dirishani?"

Kinanda alitazama vile vipande kama ndiyo kwanza anaviona.

"Wenzako hawakukuuliza hilo?"

Akatoa vikaratasi vyake mfukoni, akaanza kuvipekua mbele za watu, kimoja kimoja. "Wako thelathini na nne," akasema. "Wote wameandika hongera."

Watu wakacheka. Mama yake hakucheka. Na mimi, Mwalimu, mimi ambaye ningeweza kusimama nikasema niliona, nilikaa palepale nikihesabu vigae vya sakafu.

Baadaye nilimkuta bombani. Hakuwa analia, na hilo lilinitisha zaidi. Alikuwa amekiinua kikaratasi kimoja kukielekeza kwenye jua. "Umeandika ukafuta," akasema. "Mfuko ule. Hati yako naijua."

Nikaanza kusema nilitaka, nilijaribu, nilifikiri. Akanikata. "Yule mama aliposema huyo ni rafiki wa kweli, ulimfikiria nani?"

"Miwani," nikasema.

"Mimi ndiye niliyekuandikia, kwa mkono wa kushoto usinijue. Ulivyomtukana Miwani wa watu, nilikuwa hapa hapa, nachota maji." Akanipa kikaratasi changu, akaondoka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi sikula. Jana, Jumapili, nikajikokota hadi kibandani kwao. "Shikamoo mama," nikasema, kisha nikamwaga yote kabla sijakaribishwa. Mama hakusimamisha cherehani. Alipofika mwisho wa mshono akakata uzi kwa meno. "Nina fundi mwenzangu hapo jirani," akasema. "Nikikosea kola, ananipigia kelele mpaka wateja wanasikia. Namchukia siku nzima. Lakini gauni halitoki hapa limepinda." Akaniambia binti amekata upya jaribio lake. Fomu inarudi shuleni Ijumaa hii. Siku hiyo asubuhi, Kinanda amwonyeshe jibu lisiloyumba, ndipo atasaini.

Kinanda alikuwa ndani. Vipande viwili vipya alikuwa ameviweka tangu Ijumaa jioni, safari hii vyote ndani ya mifuko, kimoja dirishani, kingine chini ya rafu ya vitambaa. Hakunisalimu. Akakata karatasi kwa mkasi wa mama yake, akaisukuma mbele yangu na kalamu ya wino juu yake. "Andika. Hapa, nikikuona."

Nilitazama. Nikatamani nisione kitu. Lakini dirisha lile liko juu ya meza ya kupigia pasi, na pasi hapo haizimwi kutwa. Nikagusa mfuko: wa moto. Nikagusa ule wa chini ya rafu: baridi. Siku mbili zilikuwa zimekwisha kwenda, zimebaki tano, na ukungu hauharakishwi. Nikimwambia aanze upya, huenda Ijumaa ikafika mkate haujaota kitu. Nikinyamaza, huenda mama yake asitambue kabisa.

Nilishika kalamu kwa haraka kabla sijaghairi, hati ikapinda kama yake ya kushoto. Niliandika: "Dirishani kuna joto la pasi. Hujui kama ni mwanga au ni joto. Anza upya leo."

Akasoma mara mbili. Alitazama kalenda ukutani, akanitazama mimi, kisha akaondoa mkate dirishani, akaenda kumwomba mama yake hela ya mkate mwingine. Sijui kama tumepatana. Sijui Ijumaa itakuwaje.

Alama zangu kumi za vikaratasi zikate zote, Mwalimu, ni haki yako. Ila hicho cha jana nimekiandika kwa wino.