Ridhaa ya Kulala Dukani

Kifungu cha tisa cha mkataba wa pango hakikuzunguka mbuyu: jengo ni la biashara, na mpangaji hatalala humo bila ridhaa ya mwenye nyumba, iliyoandikwa na kutiwa saini. Fundi miwani alikijua kifungu hicho kwa moyo. Alikuwa amelelewa bwenini, mahali ambapo hakuna mvulana aliyelala nje ya kitanda chake bila kibali cha mwalimu wa zamu, na tangu utoto huo hakuwahi kuona sababu ya kulegeza mwenendo.

Usingizi ulikuwa umemhama tangu mkewe azikwe. Nyumbani kila kitu kilikuwa mahali pake: kiti cha marehemu dirishani, kandambili zake chini ya kitanda zikielekea mlangoni. Fundi alijilaza akisikiliza friji ikinguruma na kunyamaza, ikinguruma na kunyamaza. Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili.

"Unalala, baba?"

"Nalala vizuri, mama."

Hakulihesabu hilo kuwa uongo. Alilihesabu kuwa adabu.

Jioni moja mvua ilimzuia dukani. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaegemeza kichwa ukutani. Upande wa pili wa ukuta, kwenye duka la mikate, waoka mikate walikuwa wameingia zamu yao ya usiku. Aliwasikia wakipigapiga kinyunya mezani na kutaniana.

"We, unga wote umeuvaa mwilini, mkate tutaoka na nini?"

"Mwacheni, anajipaka poda. Ana mchumba huyo!"

"Mchumba gani? Labda tanuri!"

Kicheko kilipita ukutani kama joto. Fundi alipofumbua macho, jua lilikuwa limeingia chini ya mlango, na shingo ilikuwa imekakamaa. Alikuwa amelala usiku kucha. Alikuwa, vilevile, amevunja kifungu cha tisa.

Asubuhi hiyohiyo akapanda hadi ghorofa ya juu, kwenye ofisi ya mwenye nyumba, ambaye wapangaji walimwita Bwana Funguo kwa sababu ya mshipi wake ulioning'iniza funguo za jengo zima.

"Yaani umelala dukani, kisha umepanda ngazi zote hizi kuja kujishtaki?"

"Nimevunja mkataba, bwana. Naomba radhi, na naomba ridhaa ili nisiuvunje tena."

"Lala, ndugu yangu. Nani atakupekua?"

"Ningependa iwe kwa maandishi."

"Mdomo wangu una kasoro gani?"

"Hauna kasoro, bwana. Hauna saini."

Bwana Funguo alicheka hata funguo zikalia kiunoni. "Haya, andika barua ya maombi, ueleze na sababu. Ila ujue: kwa mdomo ningekuachia tu. Kwa maandishi sharti nifikiri, maana kesho kinyozi naye atataka kitanda, na fundi cherehani atataka chandarua."

Fundi aliandika barua kwa mwandiko ulionyooka. Alipofika mahali pa sababu, aliweka kalamu chini. Angeandikaje, mtu mzima mwenye mvi, kwamba hapati usingizi mpaka asikie watu wasiomjua wakitaniana kuhusu unga? Alitazama dirishani kwa muda mrefu. Kisha akaandika: kwa ajili ya usalama wa mashine na mali.

Jibu lilikuja kwa maandishi, kama alivyotaka. Mwenye nyumba alikuwa ameizingatia hofu yake ya wezi, na ameajiri mlinzi wa usiku kwa jengo zima. Sababu ya kulala dukani ikawa haipo tena. Ridhaa haikutolewa.

Mlinzi mwenyewe aliitwa Redio, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alifika kila jioni fundi akiteremsha mlango wa chuma.

"Shikamoo, mzee! Mbona mapema leo? Macho ya watu yamepona yote?"

"Marahaba."

"Mimi nasoma bila miwani, mzee, ila sina kitabu. Hapo utanisaidiaje?"

Fundi alifunga kufuli na kuondoka, maneno yakimfuata hadi kona ya barabara. Mtu asiyeweza kufunga kinywa, alijisemea, atafungaje lango? Kisha akarudi kwenye friji na kandambili.

Wiki zilipita, naye akizidi kudhoofika. Siku moja, akiisaga lenzi ya mwalimu wa shule ya jirani, alisinzia kidogo na lenzi ikapasuka. Jambo hilo halikuwahi kumtokea. Aliufagia ule unga wa kioo taratibu, akaketi, na akaandika barua ya pili. Safari hii aliiandika sababu kama ilivyokuwa, kwa sentensi tatu fupi, akaipeleka mwenyewe juu kabla moyo haujageuka.

Bwana Funguo aliisoma mara mbili. Akavua miwani, ambayo fundi mwenyewe ndiye aliyemtengenezea.

"Kwa nini hukuniambia haya siku ile?"

"Uliniambia niandike."

"Ukaandika wezi."

"Niliandika wezi."

Bwana Funguo alitafuta jalada mezani, akalifungua, akalifunga tena. Sauti yake ilishuka.

"Wale waoka mikate wanahama, ndugu yangu. Waliniomba ridhaa ya kumwachia pango lao muuza magodoro. Nimetia saini juzi, na kesho kutwa wanaondoka. Ningejua, angalau nisingeharakisha."

Chini, barabarani, mtu alikuwa akimwita mwenzake, na mwenzake akiitika.

"Magodoro hayasemi," akasema Bwana Funguo. "Bado unaitaka ridhaa?"

Fundi aliifikiria nyumba: kiti kile, dirisha lile.

"Naitaka."

Mwenye nyumba aliandika, akatia saini, akagonga muhuri. Fundi aliisoma ridhaa hiyo tangu tarehe hadi saini, kama ilivyopasa, akaikunja na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Alikuwa amefika mlangoni alipoitwa.

"Na mlinzi je? Nilimleta kwa ajili ya wezi wako. Wewe ukilala humo, na wezi wenyewe hawapo, nimlipe anilindie nini? Nimwondoe?"

Fundi aligeuka.

"Mwache, bwana."

"Sababu?" Kalamu ya Bwana Funguo ilikuwa bado wazi mkononi.

Safari hii fundi hakutazama dirishani.

"Anaongea sana," alisema.