Mama Mkwe na Wazee wa Maranda

Breki zilijikamata zenyewe. Senén Pincay akarushwa mbele, mkanda ukamkaba kifua, na wazee watatu wa maranda waliofungwa mikanda kwenye siti ya nyuma wakainama kwa pamoja kama waumini. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, na ile sauti ya kike, yenye upole uliopita kiasi, ikatangaza:

"Hatari. Mtembea kwa miguu mbele."

"Mtembea kwa miguu!" Senén akafoka. "Hata miguu yenyewe hana! Ni suruali iliyoshonwa chini!"

Mbele ya bampa, karibu katikati ya barabara, mzee mwingine wa maranda alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki, shati la mistari, uso wa karatasi uliopakwa rangi, sigara mdomoni. Watu wa nyumba ya pili walikuwa wamemtoa nje apunge hewa na kutazamwa kabla ya kuchomwa saa sita ya usiku. Tarehe thelathini na moja Desemba, kutoka Los Algarrobos mpaka Jipijapa, kote mkoani Manabí, hakuna nyumba isiyo na mzee wake. Mwaka unaokwisha huvishwa nguo kuukuu, hushindiliwa maranda ya mbao, hupewa sura ya mtu anayejulikana, kisha hupigwa kiberiti uende zake na mabalaa yake. Watoto wa pale huyajua hayo kabla ya kujua kusoma. Lakini gari lilitengenezwa mbali, na aliyelitengeneza hakulidokezea neno.

"Mheshimu, Senén," akasema Bi Auxiliadora Choez kutoka siti ya pembeni, amempakata mzee wa nne. "Mwenzio amevaa vizuri kukuzidi."

Yeye ndiye aliyewatengeneza hao wanne, na wengine wengi waliokwisha kufikishwa kwa wenyewe tangu asubuhi. Mikono yake ilikuwa bado na magamba ya gundi ya unga. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mjane kwa mwaka wa tisa. Kila mwisho wa mwaka alishona, Senén akapakia, wakazunguka nyumba kwa nyumba.

Gari lilikuwa zawadi ya Yadira, binti pekee wa Senén, aliyekuwa akiwatunza wazee wa watu huko Murcia, Uhispania. Siku baba yake alipoitumbukiza pikapu yake mtaroni, Yadira alisema basi, akamnunulia gari lenye macho. Lilikuwa na jicho la mbele, jicho la nyuma, na jicho moja dogo la kumchunguza dereva usoni. Senén alilipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu lilimwonya kwa kila kitu na kamwe halikukubali kwamba limekosea. Akikunja uso kwa sababu ya jua, lilimshauri apumzike anywe kahawa. Likiona lori limeandikwa themanini mgongoni, lilidhani ndiyo ruhusa ya kukimbia themanini, hata mbele ya shule. Na kule kwenye kona ya makaburi, ambako mistari ya barabara ilipakwa upya bila kufutwa ile ya zamani, lilivuta usukani taratibu kuufuata mstari wa zamani, na mstari wa zamani uliishia kwenye meza ya muuza ndizi. Muuza ndizi naye alishazoea. Akiliona linakuja, alivuta meza.

Yote hayo Senén aliyavumilia, kama mtu anavyovumilia goti bovu. Jambo moja tu lilimkosesha raha: gari lilikuwa mbea. Kila liliposhika breki kwa nguvu, Yadira alipata ujumbe kwenye simu yake. Siku ya Krismasi alikuwa amemwambia baba yake bila kuzunguka: taarifa zikizidi kabla ya mwaka mpya, binamu yake Washington atatoka Portoviejo kuja kuchukua funguo.

Senén hakuogopa kutembea. Alichoogopa ni Jumamosi. Jumamosi alimpeleka Auxiliadora sokoni na kumrudisha, na katika siku zote za wiki hakukuwa na saa aliyoipenda kama hiyo. Bila gari hakuna siti ya pembeni, na bila siti ya pembeni Auxiliadora angepanda pikapu ya Rodolfo muuza mkaa, ambaye naye alikuwa mjane, na tena alikuwa na meno yote.

Simu ikalia ndani ya spika za gari.

"Baba! Leo umetaka kuua watu wangapi?"

"Hata mmoja, mwanangu. Ni wazee wa maranda."

"Simu inasema watembea kwa miguu."

"Hiyo simu imewahi kukaa Manabí?"

Yadira akacheka, ingawa hakutaka. "Nisikilize. Breki za maranda nakusamehe. Lakini simu inanionyesha pia breki ipi imeshikwa na gari na ipi imeshikwa na mguu wako. Na mimi sijasahau mwezi wa nane nilipokuja, ulivyonimiminia kahawa nje ya kikombe ukaniambia meza imeinama."

"Meza ile imeinama."

"Baba."

"Kidogo."

"Shikamoo Bi Auxi," Yadira akasema. "Najua upo. Nasikia unavyojizuia kucheka."

"Marahaba mwanangu. Huku tuko salama kabisa, tumefungwa mikanda sote, hai na wa maranda."

Simu ilipokatika, Auxiliadora alimweka mzee wake chini, akafungua mlango. Tangu hapo wakaenda kwa mtindo mpya. Yeye alitangulia kwa miguu, akimkuta mzee wa maranda barabarani anamwinua na kiti chake, anamsogeza kando, anamwomba radhi, kisha anampungia mkono Senén apite. Watu walitoka vibarazani kutazama. Mtu mmoja akapiga makofi kana kwamba msafara wa mtakatifu unapita. Senén alikwenda polepole nyuma yake, akitazama mgongo mpana wa Auxiliadora na gauni lake la maua, na moyoni akakiri kwamba hata kama safari hiyo ingechukua mpaka Pasaka, asingelalamika.

Auxiliadora alipochoka akarudi ndani ya gari, na hapo ndipo wajane walipowakamata. Wanaume watatu waliovaa magauni meusi na shela, wakijifanya wajane wa mwaka unaokufa, walikuwa wamekinga kamba barabarani, wakilia kwa sauti za kupasua anga.

"Uuuwi, mume wangu ananiacha leo! Nisaidieni cha kununulia mshumaa!"

Mmoja wao, mwenye masharubu, akajitupa juu ya boneti na kulikumbatia gari. Mama Mkwe akapandwa na wazimu. "Mtembea kwa miguu. Mtembea kwa miguu. Mtembea kwa miguu."

"Nani mtembea kwa miguu?" Mjane akainua shela, alikuwa Plutarco, muuza nyama. "Mwambie huyo dada mimi ni mfiwa!"

Auxiliadora akampa sarafu kupitia dirishani. Plutarco akazibusu.

"Na wewe Auxi si mjane mwenzetu? Shuka ulie nasi!"

"Mimi nililia nikamaliza. Siku hizi napanda gari."

"La Senén? Haya, mkae mkijua harusini mimi ndiye nitakayechinja."

Senén akawa mwekundu mpaka kwenye upara. Mkono wake ukaanza kutafuta gia, wakati gari hilo halikuwa na gia ya kutafutwa. Auxiliadora alitazama nje, upande wake, na hakusema kwamba Plutarco ni mpuuzi. Jambo hilo Senén aliliona vizuri sana.

Wakawafikisha wazee wawili. Wa tatu alipokelewa na bibi mmoja aliyemtazama usoni akasema anafanana mno na mkwewe, kwa hiyo atamchoma kwa furaha mara mbili. Akabaki yule mmoja wa kupelekwa ng'ambo ya daraja. Barabara ilikuwa nyeupe, jua limeanza kulegea. Gari lilikuwa kimya. Hakuna taa, hakuna onyo, na Senén alikuwa anaanza kupiga mluzi alipomwona rafiki yake Baltazar Quimis amesimama pembeni, mwanzoni mwa daraja, mguu mmoja mbele kama anayetaka kuvuka.

Akakanyaga breki kwa nguvu zote. Tairi zikalia. Akateremsha kioo upande wa Auxiliadora, akainama.

"Baltazar! Utagongwa, ndugu yangu! Unakaaje hapo na hilo goti lako?"

Baltazar hakujibu.

"Umenuna nini? Au ni ile habari ya jogoo? Si tuliimaliza?"

Auxiliadora alikuwa anacheka huku ameshika mbavu. Halafu akamtazama Senén, akaona ameweka mkono nyuma ya sikio, anangoja jibu. Kicheko kikamwishia.

"Senén," akasema kwa sauti ya chini. "Huyo nilimshona mimi. Wanawe ndio walioniagiza. Hayo masharubu ni brashi ya viatu."

Alikuwa amefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya daraja. Mama Mkwe alikuwa amemwona kama sehemu ya nguzo, na safari hii Mama Mkwe ndiye aliyekuwa sahihi.

Senén akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani. Alimtazama Baltazar tena, akakaza macho. Akayalegeza. Akayakaza. Uso ule ulibaki uso wa Baltazar, na hilo lilimtisha kuliko mtaro, kuliko Washington na funguo zake.

Simu ikalia.

"Baba," Yadira akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Breki hiyo ilikuwa ya mguu wako."

"Ni mimi, mwanangu!" Auxiliadora akadakia. "Mimi ndiye niliyempigia kelele asimame. Kulikuwa na kuku."

"Kuku?"

"Kuku mkubwa. Mweupe. Na vifaranga."

Masikio ya Auxiliadora yalikuwa yamewaka. Hakuwa amezoea kudanganya, na alidanganya vibaya, akiongeza vifaranga mahali ambapo kuku peke yake angetosha. Senén akamwangalia. Alimpenda. Alikuwa amempenda muda mrefu, lakini hakuwahi kulipata neno likiwa limesimama wazi hivyo ndani yake. Kuku yule angeliokoa gari. Angeziokoa Jumamosi zote. Ila ndani ya Jumamosi hizo zote, yule anayekaa siti ya pembeni angekuwa ni huyu mwanamke, na anayemwendesha angekuwa mtu asiyejua Baltazar ni yupi.

"Hakuna kuku," akasema. "Nilimwona Baltazar Quimis."

"Mzee Baltazar hajambo?"

"Baltazar ni maranda, mwanangu. Nimemuuliza habari za goti."

Kutoka Murcia ikasikika sauti ambayo Senén alidhani ni kilio, akakunjamana, akatambua ni kicheko, kisha ikawa yote mawili.

"Ulimuuliza... Baba. Alijibu?"

"Alininunia."

"Macho, Baba."

"Ndiyo, macho. Na meza haijainama. Mwambie Washington aje."

Kulisema hilo kulimuuma kuliko alivyotegemea. Akafungua mkanda wake, na gari likaanza kulia kwa sababu mkanda umefunguliwa.

"Aje kufanya nini?" Auxiliadora akauliza. "Leseni ninayo."

"Nini?" akasema Senén.

"Nini?" ikasema Murcia.

"Mnadhani nani alikuwa anaendesha lori la maziwa marehemu alipokuwa amelewa? Na marehemu alilewa kila siku iliyoumbwa. Leseni yangu naihuisha kila inapokwisha. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Mwaka huu na uliopita nakubeba mpaka sokoni!" Senén akasema. "Kona ya makaburi unafunga macho! Mbona hukusema?"

Auxiliadora akabandua gamba la gundi kidoleni, akalitupa nje.

"Kwa sababu nilipenda kuendeshwa na wewe."

Alilisema hivyo hivyo, mbele ya simu iliyo hewani.

"Mimi nakata," Yadira akasema. Kisha: "Hapana, sikati. Endeleeni."

"Kata, mtoto wewe, kaoshe zabibu zako za kula saa sita ikigonga!" Auxiliadora akamfokea. "Huko mwaka mpya umekaribia kufika."

"Gari libaki, basi. Ila Bi Auxi, wiki ijayo umpeleke kwa daktari wa macho."

"Nitampeleka hata akinuna kama Baltazar."

Wakabadilishana nafasi, wakipishana mbele ya boneti bila kutazamana, kama vijana waliofumaniwa. Auxiliadora akasogeza siti, akasogeza kioo, akashika usukani kwa mikono yote miwili kwa namna ambayo Senén aliitambua mara moja: huyu alishawahi kulipeleka lori matopeni na kulitoa. Jicho dogo likamchunguza usoni. "Dereva mpya ametambuliwa," sauti ikasema. "Karibu."

"Nimeshakaribia," akajibu, akaondoa gari.

Senén alikaa na mzee wa maranda mapajani asijue miguu yake aiweke wapi. Mara mbili mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwapo. Upande huo wa gari hakuwahi kuukalia. Miti ya seibo ilipita karibu sana, mikubwa, ya kijani hata mashinani, na aligundua kwamba vitu vikubwa bado aliviona vizuri. Auxiliadora akatabasamu bila kugeuka. Na tabasamu hilo aliliona pia.

Walikuwa wamevuka daraja, barabara imenyooka mbele yao, tupu kabisa, breki zilipojikamata zenyewe.

"Hatari. Mtembea kwa miguu mbele."

Hapakuwa na kiti, wala punda, wala mjane mwenye kamba. Kulikuwa na lami na vumbi na mwanga wa jua unaoshuka.

"Unaona kitu?" Auxiliadora akanong'ona.

"Unaniuliza mimi?"

Wakacheka mpaka mzee wa maranda akaanguka chini. Mguu wa Auxiliadora ulikuwa juu ya pedali ya mafuta, angeweza kuikanyaga wakaenda zao. Hakuikanyaga. Akaondoa mkono mmoja kwenye usukani, bado una gundi iliyokauka, akauweka juu ya mkono wa Senén, na wakakaa hivyo, injini inanguruma taratibu, wakimsubiri mtu huyo, yeyote yule, amalize kuvuka.